WANAOMCHEKA DADA ALIYEBADILI PLAGI ZA SUBARU MWENYEWE NDIO HAO HAO WANAOPIGWA GEREJI

Wadau wa mwisho wa reli, wiki nzima mji umekaa kwenye video ya sekunde arobaini. Hakuna aliyefumaniwa, hakuna aliyeachika, hakuna msanii aliyepigana ukumbini. Ni dada mmoja tu wa Ujiji, yule wa vitenge ambaye hata ndugu zenu wa Dar wanaagiza kwake, kafungua boneti ya Subaru Forester yake uani kwao, katoa koili nne, kang'oa plagi nne, kaweka mpya, kawasha gari. Imewaka. Mwisho wa video.

Kavaa dera, glovu mkononi, kitambaa kichwani. Plagi za zamani kazipanga kwenye trei ya mayai, ya silinda ya kwanza mpaka ya nne, na kila moja kaipiga picha kwa karibu. Nyuma ya kamera anasikika mtoto wa jirani akiuliza, "Shangazi, hayo ndiyo meno ya gari?" Dada anacheka, anaendelea na kazi. Video tamu, ukiimaliza unaianza tena.

Ila mji huu hauna dogo.

Wa kwanza kuidaka ni MC mmoja wa harusi, mnamjua, yule mwenye Impreza nyeusi ambayo ekzosi yake inawaamsha watoto wa Mwanga yote saa saba za usiku. Kaichukua video, kaiwekea taarabu chini, kaandika: "Kama hela ya fundi huna, ungenunua bajaji." Emoji za kucheka mstari mzima. Wakamfuata wenzake wa ndinga, wale wanaopanga magari ufukweni kila Jumapili ili wapigwe picha wameegemea milango. Mmoja: "Subaru ya mkopo hiyo." Mwingine: "Mume yuko wapi?" Na dada mmoja wa urembo, ambaye mwaka jana alilia laivu kwa sababu gari yake ilizimika njiani kutoka Kasulu, naye akatupia: "Kucha zangu haziwezi umaskini wa hivyo." Laiki zikamiminika kama mvua ya masika.

Haya. Povu la leo ni lao, na litoke lote.

Hiyo ya hela ndiyo iliyopigiwa makofi zaidi, na ndiyo ya uongo kuliko zote. Hela ya fundi huyu dada alikuwa nayo, na alimpa. Hiki ndicho kipande ambacho hakipo kwenye video.

Miezi michache iliyopita Forester ilianza kukohoa. Ukikanyaga mafuta inasita, ukisimama inatetemeka kama mgonjwa wa homa, taa ya injini mara inawaka mara inazima. Akaipeleka gereji moja ya hapa mjini, kwa fundi aliyesifiwa na hao hao wenye ndinga. Fundi kasikiliza sekunde kumi. "Dada, plagi zimekwisha. Tukuwekee original, iridiamu, Japani kabisa." Shilingi 45,000 moja, mara nne, na ufundi 40,000. Laki mbili na ishirini. Akalipa bila kelele, akapewa kiti cha plastiki na soda. Nusu saa, gari tayari. Akauliza, za zamani ziko wapi? "Tushatupa, dada. Takataka zile."

Wiki ya tano kikohozi kikarudi, tena kibaya zaidi. Safari hii fundi hakutaka hata kusikia neno plagi. Sasa tatizo ni pampu ya mafuta, laki nne.

Hapo ndipo alipompigia simu baba yake mdogo, mzee wa Kibirizi anayetengeneza injini za boti. Mzee akaja na spana zake kwenye mfuko wa rambo. Wakang'oa plagi moja tu, ile iliyo rahisi kufikika. Mzee akaishika, akasugua ile sehemu nyeupe kwa kidole gumba, maandishi yakatoka na jasho.

"Mwanangu, umewekewa picha ya plagi."

"Na zile zangu za zamani, baba, zilikuwa mbovu kweli?"

Mzee akanyamaza kidogo. "Zile ziko kwenye gari ya mtu mwingine."

Kwa hiyo MC alipokuwa anaandika habari za bajaji, alikuwa anamcheka mtu aliyekwisha kulipa laki mbili na ishirini kwa takataka, akaibiwa na zake juu yake. Mtu kama huyo akiamua mara ya tatu afungue mwenyewe, unamwita maskini? Maskini ni nani hapo?

Na kinachochekesha zaidi ni kwamba MC na genge lake wanatumia fundi huyo huyo. Watu wenye masikio wanajua. Ile Impreza inapita pale kituo cha treni ikipiga mapigo matatu ikiruka la nne, watu wa kijiwe wanaangaliana. Yeye anadhani ni mlio wa kimichezo.

Sasa, mtu atasema plagi ni kitu kidogo, ya nini kelele. Ni kidogo kweli, inaenea kiganjani. Ila piga hesabu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida kabisa kwenye lami, kila plagi inatoa cheche 25 kwa sekunde moja. Sekunde moja! Cheche inaruka kwenye mwanya usiofika milimita moja, ndani ya silinda yenye mgandamizo, na petroli ikilipuka pembeni yake. Kwenye gari yenye turbo, kama Forester hiyo na Impreza ya MC, hewa inasukumwa ndani kwa nguvu, na hewa ikibanana cheche inapata shida kuruka. Ndiyo maana gari za namna hii hazisamehi plagi ya ovyo ambayo gari ya kawaida ingeivumilia miezi kadhaa.

Plagi feki ikikosa kuruka, petroli haiungui. Inatoka mbichi kwenye ekzosi, inaenda kuungulia kwenye masega, na masega yakiyeyuka mnajua bei yake. Au plagi inashindwa kupeleka joto lake kwenye hedi, ncha inabaki nyekundu kama kaa la mkaa, mafuta yanalipuka kabla ya zamu yake. Hiyo ndiyo inayotoboa pistoni. Na hata isipofika huko, gari inayokosa silinda moja inakunywa. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanatangaza bei kikomo, na kila mwezi watu wa Kigoma wanaona wanavyolipa kuliko wa Dar, maana mafuta yanasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutufikia. Umwage petroli hiyo kwenye ekzosi kwa sababu unaona aibu kushika spana? Hayo si maringo, ni hasara yenye manukato.

Feki zenyewe wala hazihitaji darubini. NGK na Denso, zote kampuni za Japani, ndizo zinazoigwa kuliko zote kwa sababu ndizo zinazotafutwa. Shika nne zote uzitazame pamoja. Ncha ya iridiamu halisi ni nyembamba kama sindano, kwenye Denso zao fulani ni milimita 0.4 tu, feki inakuwa nene au imekaa upande. Ule mkono wa chuma juu yake uwe umekaa katikati kwenye zote nne. Ile pete ya chuma juu ya nyuzi, kwenye NGK halisi haichomoki ukiizungusha kwa vidole. Maandishi usugue kama mzee wa Kibirizi. Na boksi lisome neno kwa neno, maana kuna maboksi yanazunguka mjini yenye Kiingereza ambacho hata mtoto wa darasa la tano angekisahihisha. Dakika mbili tu. Ila ili uzitazame ni lazima ziwe mkononi mwako, siyo mkononi mwa fundi wakati wewe unakunywa soda.

Kuhusu kucha, glovu zinauzwa. Tuendelee.

"Mume yuko wapi?" Hii imeandikwa na mwanaume mzima, mtoto wa Kigoma, mji wenye ziwa la kina cha mita 1,470. Kaka, teremka Kibirizi jioni moja wakati maboti yanajiandaa kwenda dagaa. Angalia injini za boti. Zile za mzunguko wa mbili zinachoma petroli iliyochanganywa na oili, kwa hiyo plagi zinashika masizi haraka. Kila nahodha ana plagi ya akiba na spana, wengine wamezifunga kwenye nailoni pamoja na kiberiti. Injini ikizima usiku katikati ya mawimbi, hakuna gereji, hakuna kiti cha plastiki. Kijana wa miaka kumi na tisa anavua kofia ya plagi kwa mwanga wa tochi ya simu, anaifuta, anaisugua msasa, anairudisha, anavuta kamba. Umewahi kusikia mtu wa Kibirizi anachekwa kwamba kabadili plagi kwa sababu hana hela? Na bodaboda wenu mnaowapanda kila siku, nani hajawahi kuwaona wameinama wanachomoa plagi chini ya mwembe? Hapo ni uanaume. Akishika dada mwenye dera, inageuka umaskini na kukosa mume.

Huu mji umejengwa na watu wa mashine. Ile Liemba iliundwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaja kwa meli mpaka Dar, ikapanda treni, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kuingia majini 1915. Kwa hiyo msituletee habari kwamba kushika spana ni ushamba.

Na kama mume ndiyo hoja, basi kaulizeni habari za Bertha Benz. Mume wake ndiye aliyeunda gari la Benz. Agosti 1888 mama huyo aliondoka asubuhi na watoto wake wawili wa kiume, bila kumwambia mume, akaendesha kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, kama kilomita 106, safari ndefu ya kwanza ya gari duniani. Njiani bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Waya wa umeme ukachubuka, akaukinga kwa mkanda wa soksi zake. Mume alikuwa wapi? Nyumbani, amelala. Biashara ya magari mnayojidai nayo leo ilipata jina kwa safari ile.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe, maana kuna watu wanapiga kelele pande zote mbili bila kujua ikoje.

Subaru si Vitz. Kwenye Vitz plagi zinakutazama usoni kutoka juu, unavua koili unaziona. Subaru injini yake imelala. Pistoni zinapigana ngumi kushoto na kulia, mbili huku mbili kule, kwa hiyo plagi zinatazama pembeni, zimebanwa na ubavu wa gari. (Jina Subaru lenyewe ni Kijapani cha nyota za kilimia, zile wazee waliangalia kujua msimu wa kulima. Wenye nembo kifuani wengi hawajui hata hilo.) Ili mkono uingie, upande mmoja unatoa betri, upande wa pili unatoa boksi la eaklina. Halafu ndipo koili, na koili zina vifungo vya plastiki vilivyopikwa na joto miaka kumi na kitu, ukivuta kwa hasira vinavunjika. Dada ilimchukua karibu saa tatu. Tatu! Na baba mdogo alikaa kwenye kigoda pembeni muda wote, anaelekeza kwa mdomo, hakugusa.

Hapo naye dada achambwe kidogo. Video ya sekunde arobaini imekata saa tatu zote. Inaonekana kama kubadili luku. Angerekodi na vile alivyokwama plagi ya nne, ile ya nyuma, akatoka akanywa maji, akarudi. Angeonyesha na alivyopuliza mashimo kwa pampu ya baiskeli kabla ya kulegeza chochote, maana vumbi letu jekundu linajaa mle, ukichomoa plagi kabla hujalipuliza linaangukia ndani ya silinda na kusaga kuta zake. Hivyo ndivyo vitu watu walihitaji kuona.

Kwa sababu haikuonekana, ndiyo yakatokea ya yule kijana wa Gungu mwenye Crown.

Kaona video Jumamosi jioni, kapandwa na mzuka. Katoka safari muda huo huo, injini ya moto unaweza kukaangia yai, kafungua boneti. Hana soketi ya plagi, katumia ya kuazima isiyokaa sawa. Plagi ikagoma, kachomeka bomba refu kwenye mpini ili apate nguvu. Ikatoa mlio. Nusu ya plagi mkononi, nusu ndani ya hedi. Gari imelala gereji mpaka leo, na yeye anapita mitandaoni akisema dada wa vitenge kamponza, na genge la MC wanamtumia kama ushahidi: "Mnaona sasa!"

Kuona nini? Hedi ya gari hizi ni aluminiamu, chuma laini. Ikiwa ya moto inatanuka na nyuzi zake zinang'ang'ania, ukilazimisha unatoka nazo. Ndiyo maana kwenye maelezo ya video dada aliandika neno kwa neno, "Iache ipoe, ikibidi ilale usiku kucha." Kijana hakusoma. Angetumia soketi namba 16 yenye mpira ndani, kama aliyotumia dada kwenye Forester, au namba inayotakiwa na injini yake, asingekwama. Na wakati wa kufunga ndio hatari zaidi kuliko wa kufungua. Plagi mpya unaianza kwa vidole au kwa kipande cha mpira wa maji ulioichomeka kichwani, ili ikikataa mpira uteleze kabla nyuzi hazijakatika. Ikigota kwa mkono, ndipo spana. Ukiwa na spana ya kupimia nguvu, fuata namba ya kitabu cha gari yako. Ukiwa huna, NGK wanasema plagi mpya yenye ile pete izungushwe nusu mpaka theluthi mbili ya mzunguko baada ya kugota. Basi. Isiyo na pete, yenye kikalio cha mteremko, ni moja ya kumi na sita tu, yaani kuigusa. Wala usipake grisi kwenye nyuzi, hao hao NGK wanakataza, maana nyuzi zikilainika unakaza kupita kiasi bila kujua.

Hayo yote hayahitaji digrii. Yanahitaji kusoma na subira. Kijana wa Gungu alikosa vyote viwili, na kilichomwangusha ni tabia ile ile ya genge la MC, ya kutaka kuonekana kabla ya kujua. Alitaka na yeye kuwa na video usiku huo huo.

Na jamani, hakuna aliyesema mafundi wote wezi. Kigoma kuna mafundi wa kweli, wapo waliotoka VETA hapa hapa na wapo waliofundishwa na baba zao, na dada mwenyewe bado ana fundi. Ukivua koili ukaikuta imeloa oili, funga, peleka kwa mtu anayejua, mipira ya ndani imechoka na hiyo si kazi ya uani. Plagi ikigoma kutoka hata baada ya kupoa, acha. Fundi wa kweli utamjua, anakurudishia spea ya zamani bila kuombwa, anaiweka kwenye boksi la mpya, anakuita, "Dada, njoo uone." Anayekukalisha mbali na gari yako na kukununulia soda, soda hiyo unailipia wewe.

Maana kuna jambo ambalo genge halijafikiria hata kidogo. Plagi ya zamani ni barua kutoka ndani ya injini. Ikitoka na rangi ya kahawia au kijivu hafifu, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeusi ya masizi makavu, mafuta yanazidi au cheche ni dhaifu. Ikiloa oili, kuna mahali panavuja. Ikiwa nyeupe na imevimba malengelenge, joto limezidi, na kwenye turbo hiyo ni dalili ya kusimamisha gari leo, siyo kesho. Ndiyo maana dada alizipanga kwenye trei ya mayai kwa namba. Wale wa ufukweni waliona pozi, lakini alikuwa anasoma. Tatu zilikuwa nyeusi kwa ufeki wake, ya nne, ile ya nyuma, ilikuwa na oili kidogo. Kwa hiyo sasa anajua kitu kuhusu gari yake ambacho fundi wa laki nne hakuwahi kumwambia, na pampu ya mafuta haikuwa na kosa lolote.

Plagi mpya zilitoka Dar, kwa basi, kwenye kifurushi, kutoka duka ambalo mteja wake mmoja wa vitenge alikwenda kusimama mwenyewe na kuzikagua kwa video kabla ya kulipa. Iridiamu za kweli watengenezaji wanazihesabia kama kilomita 100,000, ingawa wenye turbo wengi huzitoa mapema. Zile za kawaida za nikeli ni 20,000 mpaka 30,000. Zile za gereji zilimaliza wiki tano. Gari sasa inapandisha kutoka ziwani haisiti, ina mzigo wa vitenge mpaka kwenye siti ya mbele.

Halafu ubuyu wenyewe ambao wengi hawajaupata.

Jumatano, saa tano za usiku na dakika zake, simu ya dada ikaingia ujumbe. Namba haikuwa ngeni, ni namba iliyoandikwa kwenye kila kadi ya harusi mjini hapa, sehemu ya MC. "Sister mambo. Samahani kwa usumbufu. Hivi ile soketi ni namba ngapi?"

Dada kajibu: "16, iwe na mpira ndani. Usiiguse ikiwa ya moto. Na zako za zamani usimwachie mtu."

Tiki mbili zikageuka bluu. Asante hakuna. Alhamisi asubuhi ile post ya bajaji ilikuwa imefutwa, na Impreza nyeusi ilionekana nyumbani kwake imeegeshwa kivulini, boneti juu, inapoa.